Paa Halikuwa na Kosa

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita ulilifungia samaki kabla hujalisoma, usihangaike kulitafuta. Mambo yenyewe yalikuwa haya.

Mimi naitwa Chien Yu-lan, fundi wa makoti ya mvua hapa Keelung, mji ambao mvua ikikosekana siku tatu watu wanaulizana kulikoni. Nina miaka hamsini na saba. Mwezi wa tatu nilinunua gari dogo la michezo, la viti viwili, la kufunua paa. Aliyeniuzia ni Mzee Hung Chin-shui, mwendesha winchi mstaafu wa bandarini.

Gari likaanza kuingiza maji. Nikashona paa. Likazidi. Nikalipaka nta. Likazidi tena. Mwisho nikapanda hadi kibanda cha chai anapokaa Mzee Hung na wenzake, nikamwita mwizi mbele ya watu wazima saba.

Yeye aliniuliza swali moja tu. "Fundi, ulishaangalia matundu?"

Nikamjibu, "Matundu gani? Ya pua yako?"

Nikaondoka nimeinua kidevu. Hapo ndipo nilipowaachia, na barua zenu nimezisoma. Wengi mko upande wangu. Mmenionea huruma sana, mmemlaani Mzee Hung, na mama mmoja ameahidi kunitafutia mwanasheria.

Rudisheni huruma hiyo. Leo nasema lile nililokuwa nalikwepa tangu sehemu ya kwanza.

Lakini nianze na Ijumaa.

Ijumaa hiyo A-Kuei aliomba lifti hadi stesheni. A-Kuei ni shoga yangu wa miaka thelathini. Anakaanga samaki wa kusaga kwenye kibanda kilichopakana na duka langu, na mdomo wake una moto kuliko mafuta yake.

Alipofungua mlango wa gari, aliinama akavua viatu.

"Unafanya nini?"

"Navuka mto," akasema. "Kuna mtu anavuka mto na viatu?"

"Hebu panda bwana."

Akapanda, viatu mkononi. Kwenye taa ya kwanza nilikanyaga breki, na maji yaliyokuwa yamelala nyuma ya viti yakaja mbele, chwaa, yakatupiga visigino. Taa ilipokuwa ya kijani nikaondoka, na yenyewe yakarudi nyuma kulala.

A-Kuei alikuwa amekunja miguu juu ya kiti kama mtoto. "Yu-lan, humu ndani maji yanakupwa na kujaa. Nikuletee kamba wadogo uwafuge?"

"Nimeshona lile paa mara tatu. Nimelimwagia maji kwa mpira. Hakuna hata tone linalopita kwenye mshono wangu."

"Sasa yanapita wapi?"

"Kamuulize aliyeniuzia."

"Shoga, umenunua gari kwa mtu ambaye jina lake maana yake ni Maji ya Dhahabu. Ulitegemea akuuzie nini, vumbi?"

Alikuwa bado anacheka tuliposhuka. Nikafunga mlango. Ufunguo uko mkononi mwangu, gari limezimwa, na taa za kukatia kona zikaanza kuwaka zenyewe. Kushoto. Kulia. Kushoto.

"Linakuaga," akasema A-Kuei.

Nilicheka siku hiyo. Kesho yake sikucheka.

Jumamosi alikuja Mama Liao, mteja wangu wa siku nyingi. Alikuwa ameniachia koti la mvua la binti yake nilikaze mishono. Hakukaa. Alisimama mlangoni na kusema, "Fundi, lile koti nipe tu."

"Bado sijalimaliza."

"Si kitu. Nitalipeleka kwingine." Akatazama viatu vyake. "Usinielewe vibaya. Ila watu wanasema fundi asiyeweza kuzuia maji kwenye gari lake mwenyewe..."

Hakumalizia, na sikumwomba amalizie. Nimeshona makoti ya mvua katika mji huu miaka thelathini na moja. Nimeshonea wavuvi, nimeshonea askari wa barabarani, nimeshonea wanafunzi ambao leo wananiletea makoti ya watoto wao. Halijarudi koti hata moja kwamba linavuja. Nikamkunjia Mama Liao koti lake, nikamkabidhi kwa mikono miwili, na alipotoka nikakaa nyuma ya cherehani bila kuikanyaga.

Basi. Jumapili asubuhi mvua ilikuwa imekatika, soko limejaa watu, zimebaki siku tano tu kabla ya sikukuu ya mashindano ya mitumbwi, na kila mama anagombania majani ya mianzi ya kufungia wali. Nainua mlango wa bati wa duka, nani namwona amesimama kando ya gari langu?

Mzee Hung. Mkononi ana bunda la uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine za kukatia nyasi. Chupa ya maji, tochi, na kigoda cha plastiki.

"Nimekuja kuitazama ndoo yangu," akasema.

Ndoo ndilo jina nililoliita gari lake siku ile kibandani. Kumbe alikuwa amelishika.

"Nani kakuita?"

"A-Kuei."

Nikageuka. A-Kuei ghafla alikuwa na samaki wengi mno wa kugeuza.

Sasa nisikilizeni, wasomaji wangu, maana hapa ndipo penyewe.

Lile swali la matundu, aliponiuliza kule kwenye chai, nililijua jawabu lake. Wiki moja kabla yake nilikuwa nimefunua paa nusu, nikaingiza kichwa nyuma ya kiti kutafuta maji yanapoingilia. Kwenye kona, chini kabisa, nikaona tundu. Linaingia kidole kidogo. Upande wa pili nikaona lingine. Yote mawili yamelowa, yana uchafu mweusi mdomoni.

Nikasema, kumbe! Mwizi nimekukamata.

Nikachukua gundi yangu, ile ninayozibia mishono ya makoti, nikajaza tundu la kulia. Nikajaza la kushoto. Nikasawazisha juu kwa kidole, kazi safi, ungedhani limetoka hivyo kiwandani.

Kabla ya siku ile, kapeti lilikuwa linalowa. Baada ya siku ile, maji yakaanza kutembea.

Msiniulize kama niliunganisha mambo hayo mawili. Niliyaunganisha, halafu nikayatenganisha haraka. Mtu akishakuwa na miaka thelathini na moja ya kusifiwa, akili yake inajua pa kutoangalia. Ndiyo maana nilimjibu yule mzee habari za pua.

Tuendelee.

Mzee Hung alifunua paa, akaegemeza kiti mbele, akachuchumaa mlangoni. "Fundi, sogea nikuonyeshe. Hili paa lako ni kitambaa. Maji yakishuka pembeni, kuna mfereji mdogo huku nyuma unayapokea. Mfereji unayaleta kwenye kona hii na kona ile. Kila kona ina tundu, chini ya tundu kuna mrija, na mrija unayamwaga nje, mbele ya tairi la nyuma. Tundu likiziba, maji hayana pa kwenda ila kwako."

"Kwa hiyo tundu ni la kutolea maji," nikasema polepole.

"La kutolea."

"Si la kuingizia."

"Sasa Fundi, nani atatoboa gari lake ili mvua iingie?"

Nikaanza kukung'uta kiti kisicho na vumbi.

"Uliwahi kuyagusa?" akaniuliza, bila ubaya wowote, kama daktari anavyouliza umekula nini.

"Mimi? Hapana."

Lilitoka hilo jibu kabla sijalituma.

Akamimina maji kidogo kwenye kona. Yakasimama, yanamtazama. Akakata kipande cha uzi wa nailoni, akakikunja ncha ili kisitoboe mrija, akakishusha. Kikaruka. Akakishusha tena. Kikaruka tena.

"Ajabu," akasema. "Tope linakubali ukilisukuma. Hili linanirudisha."

Watu walishaanza kusogea. Muuza mboga aliacha mizani yake. Mama Liao naye alikuwepo, na fungu la majani ya mianzi kwapani. Sokoni kwetu mtu akichuchumaa dakika tano, kuna mtu atakuja kuuliza ameona nini.

"Fundi," akasema Mzee Hung, "una koleo jembamba, refu?"

Ninalo. Ni lile ninalovutia utepe kwenye mikunjo ya kofia. Nikaenda kulileta mwenyewe, kwa miguu yangu, chombo changu kije kunitolea ushahidi.

Akalizamisha, akabana, akavuta. Kitu kikagoma, kikanyooka, kisha pwap! kikatoka.

Kilikuwa cha rangi ya asali, laini, kimechongeka sawasawa na tundu, kama jino la bandia.

Mzee Hung alikiminya kwa vidole. Akakinusa. Kisha akafanya jambo ambalo mimi peke yangu nililiona. Alikunja mkono wa koti lake la mvua, lile nililomkazia kiwiko majira ya baridi, akatazama mshono wa ndani. Asali ile ile.

Akaniangalia. Mimi nikaangalia samaki wa A-Kuei.

"Nini hicho, Mzee Hung?" akapaza sauti muuza mboga.

Mzee Hung akakitia mfukoni.

"Majani," akasema. "Majani tu yaliyooza."

Sikuamini masikio yangu.

"Majani?" A-Kuei akaacha kijiko chake kwenye mafuta. "Sasa si ndiyo wewe mwenyewe! Miaka yote hukulisafisha, ukamtupia mwenzio!"

"Yu-lan alisema ukweli basi," akadakia muuza mboga. "Tulimwona ana hasira za bure, kumbe!"

Mzee Hung aliinamisha kichwa. "Ndiyo. Nilizembea. Nisameheni."

Na kana kwamba hayo hayatoshi, Mama Liao akanisogelea na kunishika mkono. "Fundi, nimeona aibu. Kumbe halikuwa kosa la mshono wako. Lile koti nitalirudisha leo leo."

Jamani. Hebu jiwekeni mahali pangu. Jina langu limesafishwa mbele ya soko zima, mteja wangu amerudi, na mtu wa kulaumiwa amekubali kulaumiwa kwa hiari yake. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Kunyamaza hakuna gharama, na mimi ni mtu ninayeweza kunyamaza, ingawa A-Kuei atawaambia vingine.

Nikafungua mdomo nimwambie Mama Liao asante.

Nikamwona Mzee Hung amechuchumaa tena kando ya gari, anafuta mikono kwa kitambaa, watu watatu wamemsimamia wanamsomea makosa yake. Hajanuna. Anaitikia tu, ndiyo, ndiyo.

"Kitoe mfukoni," nikasema.

"Kitu gani, Fundi?"

"Unakijua. Kitoe."

"Ni majani tu, Fundi. Yaache."

"Si majani! Ni gundi. Gundi yangu. Nimeitia mwenyewe, na upande wa pili imo nyingine."

A-Kuei alinigeukia mwili mzima. Yeye ndiye aliyeanza, taratibu, kama hakimu.

"Uliziba mfereji wa maji."

"Nilidhani yanaingilia pale."

"Wewe. Fundi wa makoti ya mvua."

"Ndiyo."

"Ukaziba mahali yanapotokea."

"A-Kuei, nimeshasema ndiyo!"

Alianza muuza mboga. Alicheka akashika nguzo, nguzo ikatikisika, mvua ya jana ikamwagika kutoka kwenye turubai ikamlowesha, naye akazidi kucheka. Wakafuata wengine. A-Kuei alikaa chini kabisa, juu ya ndoo yake, anajipangusa machozi kwa kanga ya mapishi. Samaki wakaungua, hakuna aliyejali.

Nikamgeukia Mama Liao. Nilijua nimempoteza tena, na safari hii kwa haki. "Koti lako peleka kwingine," nikamwambia. "Sitakulaumu."

Mama Liao alikuwa amekichukua kile kijino cha gundi kutoka kwa Mzee Hung, anakigeuzageuza.

"Kilikaa humo muda gani?"

"Wiki tatu."

"Za mvua hizi?"

"Hizi hizi."

"Na hakikupitisha hata tone?"

Nikafikiri. "Hata tone."

"Basi koti nalileta kwako," akasema, "na la mume wangu pia."

Hapo hata mimi nilicheka. Lakini lilibaki moja, na lilikuwa zito kuliko mengine. Nikasimama mbele ya Mzee Hung, nikainama hadi nikaona vidole vya miguu yangu.

"Mzee Hung. Nilikuita mwizi mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu."

Nilipoinua kichwa nikaona hanisikilizi hata kidogo. Alikuwa ameshusha uzi wake ndani ya lile tundu lililozibuliwa, na uzi ulikuwa umekwama tena, chini zaidi.

"Ngoja kwanza," akasema. Akauzungusha, akauvuta. Ukatoka na tope jeusi linalonuka, na ndani ya tope nyuzi nyembamba za kahawia, nyingi, zimesokotana kama nywele kwenye bomba la bafuni.

Akazitandaza kwenye kiganja. Akazitenganisha kwa ukucha.

"Majani ya mivinje, ile miti ya pwani," akasema.

"Mivinje?"

"Hapa sokoni kuna mvinje?"

"Hakuna."

"Duka lako lina mvinje?"

"Mzee Hung, duka langu lina cherehani."

Akashusha pumzi. "Kwangu Badouzi ipo sita. Gari lililala chini yake miaka tisa." Akanyanyua uso, na kwa mara ya kwanza nikaona masikio yake yamekuwa mekundu. "Kwa hiyo gundi ni yako, Fundi. Tope ni langu. Lilikuwa limeshaanza kuziba kabla hujalinunua."

"Ina maana mwanzoni lilivuja kwa sababu yako."

"Mwanzoni, ndiyo."

"Kwa hiyo ule wizi, nusu yake ni kweli."

"Nusu," akakubali.

"Basi nirudishie nusu ya radhi," nikasema, na A-Kuei akaanza upya pale alipokuwa ameishia kucheka.

Tundu la kushoto lilikuwa limebanwa na chuma cha mkanda wa kiti. Mkono wa Mzee Hung haukupita. Ni mkono ulioshika winchi miaka thelathini, kila kidole kama ndizi. Akanitazama.

"Wako utapita."

Nikapiga magoti. Gundi niliitoa mimi mwenyewe, na nawaambieni, ilikuwa imeshika vizuri. Kisha akanipa uzi.

"Usisukume kwa nguvu. Huko chini mrija umeungwa kwa mpira tu. Ukilazimisha, utachomoka, na hapo hata mimi nitalia. Uzungushe. Ukikwama, rudi nyuma kidogo, uzungushe tena."

"Kama kupitisha utepe kiunoni mwa suruali."

"Sijawahi kupitisha utepe."

"Basi nyamaza nifanye kazi."

Nikafumba macho, maana kazi ya namna hii macho yanaisumbua. Uzi ukateremka, ukagusa kitu laini. Nikauzungusha. Nikarudi. Nikauzungusha. Kitu kikajivuta, kikasita, kisha ghafla mkononi mwangu hapakuwa na uzito wowote.

Chini ya gari pakasikika mlio kama mtu mzima anameza supu. Halafu yakaja. Maji ya wiki tatu yalitoka kwa kishindo mbele ya tairi, meusi, na A-Kuei, aliyekuwa ameinama kuchungulia ili asipitwe, yakampata kuanzia magotini kwenda chini.

"Yu-lan!"

"Si ulivua viatu Ijumaa?" nikamwambia. "Leo umesahau?"

Tukamimina chupa ya kwanza ya maji safi. Ikashuka. Ya pili ikashuka haraka zaidi. Ya tatu ilitoka chini nyeupe kabisa, na watu wakapiga makofi. Sijui kama umewahi kupigiwa makofi kwa sababu ya mfereji. Ni raha ya aina yake.

Tulitoa kapeti, Mzee Hung akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukalikamua kama shuka. Sponji ya chini yake ilitoa harufu ambayo sitaiandika gazetini. Tulipomaliza, jua likachomoza, jua la kweli, ambalo Keelung mwezi huu tulikuwa tumelisahau.

"Lisikae hapa," akasema Mzee Hung. "Liendeshwe wazi. Upepo upite chini ya viti, ukaushe vyuma na nyaya. Zile taa zinazojiwakia zitaacha."

"Liendeshwe kwenda wapi?"

Alijifanya anakunja uzi. "Badouzi si mbali. Mama amesikia habari ya ndoo. Anataka kuiona."

"Mama yako anajua nilikuita mwizi?"

"Amenifanya nimsimulie mara tatu. Sehemu ya pua anaipenda zaidi."

Niliingia dukani kuchukua ufunguo. A-Kuei akanifuata na miguu yake myeusi, akanining'inizia mkononi kishada cha wali uliofungwa majani.

"Usiende mikono mitupu kwa mama wa mtu." Akaniangalia kichwani hadi miguuni. "Na upake hata rangi ya mdomo."

"Naenda kukausha gari."

"Ndiyo nasema hivyo. Paka rangi ukakaushe gari."

Sikupaka. Sawa, nilipaka kidogo.

Tulikwenda kwa barabara ya pwani, paa limefunuliwa, chini ya miguu yetu bati tupu, kapeti limetandazwa juu ya buti na kufungwa kwa kamba. Watu wa vituoni walitutazama. Taa zile zilijiwasha mara mbili njiani, zikatulia. Mzee Hung alikaa kiti cha abiria akiwa na kigoda chake mapajani, hajui aweke wapi mikono mtu aliyezoea kushika usukani wa gari lile.

"Nikuulize," nikasema. "Lilikuwa gari lako miaka tisa. Unalijua hadi nyuzi zake. Kwa nini uliliuza?"

Alitazama bahari. "Magoti," akasema. "Gari liko chini sana. Kuingia na kutoka, magoti hayataki."

Nikasema pole. Akasema asante. Nikaendesha hadi mivinje ikaonekana, yote sita.

Mama yake alikuwa ametoka nje anatusubiri, mwembamba, miaka themanini na minane, amevaa koti la sufi juani. Hakunisalimia kwanza. Alizunguka gari lote, akabonyeza paa lililokunjwa, akapitisha ukucha kwenye mshono wangu.

"Umeshona wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Mshono mzuri." Akanitazama sasa. "Ndiyo wewe wa pua."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Alihitaji mtu wa kumwambia." Akapokea wali wangu, akaunusa, akatikisa kichwa kuridhika. "Ingieni mle. Supu imeiva."

Meza ilikuwa imeshapangwa. Bakuli tatu. Supu ya samaki na tangawizi, tambi za ngisi, figili za chumvi. Nikahesabu zile bakuli nikajiuliza ziliwekwa saa ngapi, kabla ya simu ya A-Kuei au baada.

Yule mama alinikalisha kando yake. "Amekwambia kwa nini aliliuza gari?"

"Amesema magoti."

Mama akaacha kijiko hewani. "Magoti?"

"Mama," akasema Mzee Hung.

"Magoti yake! Kila Jumapili yanampandisha mlima kuchimba machipukizi ya mianzi. Wamekuja watu wanne kabla yako, mwanangu, wana pesa mkononi, akawakatalia wote. Mmoja akamfukuza kwa kumwambia gari linavuja. Kulikuwa na ukame!"

"Mama, supu inapoa."

"Chin-shui." Sauti yake ikabadilika, na yule mtu wa miaka sitini na mitatu akakaa wima kama mwanafunzi. "Soya imekwisha. Nenda kanunue."

Sote watatu tuliitazama chupa ya soya. Ilikuwa katikati ya meza, imejaa hadi shingoni.

Mzee Hung aliinuka. Akanitazama mimi, na nilichokiona usoni mwake sikuwahi kukiona hata nilipomwita mwizi. Alikuwa anaogopa.

Kisha akachukua kofia, akatoka. Tulisikia hatua zake kwenye kokoto, haraka haraka, hazina kilema chochote.

Mama yake alivuta kiti chake hadi magoti yetu yakagusana. Akanishika mkono.

"Duka liko mwisho wa gati," akasema. "Dakika kumi, kwenda na kurudi. Kukueleza sababu, mimi zinanitosha tano."